Kumshangilia bandi: Pushpa, Joker na wenzao kwenye mizani moja

Hapa Lubumbashi mtoto wa miaka saba anajua kugawa filamu yoyote mara mbili kabla haijafika dakika ya kumi: huyu akteri, yule bandi. Akteri anapigwa, anaanguka, anaamka, na hafi. Bandi anacheka sana mwanzoni na analia mwishoni. Nairobi na Dar es Salaam husema steringi badala ya akteri, lakini sheria ni ileile. Filamu zinazopimwa hapa zimeivunja: akteri ndiye bandi. Anaiba, anahonga, anaua, na kibanda kizima cha video kiko upande wake.

Kumshangilia mtu wa namna hiyo si dhambi, na filamu inayotufanya tumshangilie haijawa nzuri kwa hilo tu. Mizani iko kwa mtu wa pembeni, yule anayelipa gharama ya ushujaa wa akteri. Je, kamera inamwona? Inakaa naye, au inampita kama nguzo ya umeme? Kwa kipimo hicho filamu mbili zenye bunduki zilezile na pesa zilezile zinaweza kuachana kwa mbali sana.

Tuanze na inayotugusa karibu kuliko zote. Pushpa: The Rise, sehemu ya kwanza kati ya mbili, ilitoka tarehe 17 Desemba 2021. Ina dakika 179, na lugha yake ya asili ni Kitelugu, kwa lafudhi ya wilaya ya Chittoor, kusini mwa India. Mwongozaji ni Sukumar. Allu Arjun anacheza Pushpa Raj, kibarua anayeingia kazini kukata msandali mwekundu kwenye milima ya Seshachalam na kupanda mpaka kuwa mkubwa wa magendo yake.

Kwa mtu wa Haut-Katanga, mkoa wetu huu wa Lubumbashi, mti huo si mgeni. Wataalamu wanauita Pterocarpus santalinus. Mukula wetu ni Pterocarpus tinctorius, yaani ndugu wa ukoo mmoja. Mukula ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na unga wake mwekundu ni wa mila tangu zamani. Hamu ya soko la China ndiyo iliyofanya mukula uwindwe upande wetu na upande wa Zambia. Mwaka 2019 mkutano wa CITES, mkataba wa dunia juu ya biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Geneva uliuweka kwenye Kiambatisho cha Pili, mahali ambapo msandali mwekundu wa India ulikuwa tangu 1995. Kwa maneno mepesi, gogo halivuki mpaka kihalali bila kibali. Basi Pushpa anapohangaika jinsi ya kulipitisha lori lake, watazamaji wa huku hawahitaji kuelezwa maana ya kizuizi cha barabarani, wala kwa nini askari anazunguka gari mara tatu bila kusema neno.

Nguvu ya sehemu ya kwanza iko hapo kwenye kazi. Sukumar hatuambii kwamba Pushpa ana akili. Anatuonyesha akili hiyo ikitumika. Polisi wanapokaribia, magogo yanasukumwa mtoni yasikutwe. Baadaye linakuja lori la maziwa, tangi limegawanywa ndani ili maziwa na magogo yasafiri pamoja. Kila hila inaanza na tatizo la mkono: uzito, njia, muda, macho ya askari. Mtazamaji analitatua pamoja naye, na mkishatatua jambo pamoja mmekuwa wenzi. Huo ndio ufundi wa kumfanya mtu ampende mwizi, na humu umefanywa vizuri kuliko filamu nyingi zenye sifa kubwa zaidi.

Kuna pia ngazi ya bei. Mkataji analipwa ujira wa siku. Konda Reddy, bosi wa Pushpa, anamuuzia Mangalam Srinu, bosi aliye juu yake, na Srinu anauza mjini Chennai kwa bei iliyopanda mara kadhaa bila yeye kugusa shoka. Pushpa anapogundua tofauti hiyo, anaacha kuomba ujira na kudai fungu. Mchimbaji wa madini kwa mkono wa Kolwezi au Likasi anaielewa hesabu hiyo bila manukuu: aliyetoboa shimo anapata kidogo, manegosia, wale wanunuzi wa katikati, wanapata zaidi, na mwenye kontena anapata kilichobaki chote. Filamu imetupa sababu ya haki ya kumshangilia, na inaitumia mpaka tone la mwisho.

Mwili wa Allu Arjun nao unasema. Bega moja limeinuka muda wote, mkono unapita chini ya ndevu kila anapokataa kushuka, na mguu unakaa juu ya mguu mbele ya bosi. Mama yake hakuolewa, na ndugu wa baba wamemnyima jina la ukoo. Kila anapoulizwa jina kamili, bega lile linaonekana zito zaidi. Uigizaji huu ulimpa tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora, na Devi Sri Prasad akapata ya muziki wa nyimbo. Zote mbili zimestahili.

Sasa mizani. Nani analipa? Wa kwanza ni Srivalli, msichana anayechezwa na Rashmika Mandanna. Pushpa anatoa rupia 1,000 ili atabasamiwe, kisha 5,000 kwa busu. Filamu inalifanya jambo hilo kichekesho, halafu wimbo mtamu unapita juu yake. Baadaye Jolly Reddy, mdogo wa bosi, anamtaka msichana huyohuyo kwa nguvu, na Pushpa anamvunja mifupa huku ukumbi ukipiga makofi. Yule wa kwanza alitumia noti, huyu wa pili anatumia cheo cha kaka yake. Filamu inaona ubaya wa mmoja tu, na Srivalli mwenyewe haulizwi. Hili ndilo doa kubwa la sehemu ya kwanza, na linauma zaidi kwa sababu mwongozaji aliyeweza kuona dhuluma kwenye bei ya tani moja ya mbao ameshindwa kuiona kwenye bei ya tabasamu.

Wa pili ni wakataji. Mwanzoni Pushpa ni mmoja wao. Kadiri anavyopanda, wenzake wanageuka umati wa nyuma kwenye nyimbo. Kesava, rafiki yake, anabaki na maneno ya kuchekesha, ila wale wenye mashoka hatujui hata mmoja wao anarudi nyumbani kwa nani.

Pamoja na hayo, nusu saa ya mwisho ni ya hali ya juu. Fahadh Faasil anaingia kama mkuu wa polisi Bhanwar Singh Shekhawat, kachelewa kuliko bandi yeyote wa filamu ya saa tatu. Anachokishambulia moja kwa moja ni lile jina la ukoo lililokosekana. Jibu la Pushpa ni kumvua sare. Ni wanaume wawili usiku, nguo zimewatoka, na swali linalobaki ni nani kati yao bado ni mtu bila kitambaa chake. Kwa nchi yoyote ambako sare inaomba kabla haijasalimia, tukio hilo halihitaji maelezo.

Pushpa 2: The Rule ilifuata tarehe 5 Desemba 2024. Inachukua dakika 200, na lipo toleo lililorefushwa la dakika 224. Sababu ya ugomvi ni ndogo, na ndiyo uzuri wake: Srivalli anamwomba mume wake apige picha na waziri mkuu wa jimbo, waziri anakataa kupigwa picha na mtu wa magendo, na Pushpa anaamua kubadilisha waziri mkuu. Wazo zuri kabisa. Picha moja iliyokataliwa inageuka serikali kununuliwa.

Tatizo ni kwamba Pushpa sasa hana anachokosa. Hila zimekwisha, penye ugumu anatoa pesa au ngumi. Ule ufundi wa lori la maziwa, wa kutatua jambo pamoja na mtazamaji, umebaki kwenye filamu ya kwanza, na bila huo tunamtazama tajiri akinunua vitu. Shekhawat naye, aliyetisha kwa nusu saa tu, hapa amepewa saa nzima za kudhalilishwa, na bandi anayedhalilishwa kila baada ya dakika ishirini haogopwi tena na mtu.

Sehemu moja inaiokoa. Kwenye sherehe ya Gangamma, desturi ya kweli ya Tirupati ambamo wanaume huvaa kama wanawake kwa ajili ya mungu wa kike, Pushpa anaingia na sari, amepakwa rangi ya buluu, ana bangili na shanga. Anacheza mpaka ngoma na hasira vinakuwa kitu kimoja, na pambano linalofuata linatoka ndani ya ngoma hiyohiyo. Tazama nyayo zake, usitazame uso: kisigino kinapiga kwa mdundo hata anaporusha mtu. Mtu anayejua ngoma ataelewa kwamba mwigizaji hakufundishwa hatua tu, alifundishwa pumzi.

Karibu na mwisho jina la ukoo analolililia tangu utotoni linapatikana. Mama anapata heshima yake, machozi yanatoka, na msamaha umetolewa kwa pesa ya miti. Milima ya Seshachalam haijatajwa tena. Kwa kipimo chetu sehemu ya pili imeanguka: aliyelipa ni msitu, na kamera haikurudi hata mara moja kutazama visiki.

Hukumu: sehemu ya kwanza itazamwe, hata mara mbili. Sehemu ya pili itazamwe kwa ajili ya sherehe ile na pambano ambalo Pushpa amefungwa mikono na miguu na anatumia meno. Ukiwa na haraka, usitafute toleo la dakika 224. Dakika 24 za ziada haziongezi kitu kinachokosekana.

Kabla ya kwenda kwa Joker, neno juu ya nakala, maana watu wengi wanaihukumu Pushpa kwa nakala mbaya.

Nakala zinazozunguka mitaani ni za aina tatu. Kuna ya Kitelugu yenye manukuu, kuna iliyoingizwa sauti ya Kihindi, na kuna iliyotafsiriwa Kiswahili na msimulizi anayeongea juu ya filamu. Chagua ya Kitelugu yenye manukuu ya Kifaransa au Kiingereza kama unasoma upesi. Sauti ya Kihindi ya Shreyas Talpade imefanywa kwa bidii na inatazamika, ila lafudhi ya kijijini inayomfanya Pushpa adharauliwe inapotea humo.

Ya msimulizi ina raha yake, na kwa bibi asiyesoma manukuu ndiyo njia pekee. Lakini ina madhara mawili. La kwanza ni la fundi: kila msimulizi anapoongea, sauti ya filamu inashushwa, hivyo muziki unazama na kuibuka kama redio yenye mawimbi mabaya. La pili ni kubwa zaidi. Msimulizi ndiye shabiki wa kwanza. Anampa akteri utani ambao haumo, anamtukana polisi kwa niaba yetu, na pale filamu inaponyamaza ili tujiulize kama bado tuko upande wa mtu huyu, yeye hanyamazi. Yale mazungumzo ya rupia 5,000 huwa kichekesho maradufu. Nakala ya msimulizi inamrudisha bandi kuwa akteri wa kawaida, na filamu za namna hii zinakufa hapo.

Upande wa flashi: flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, namna ya kuhifadhi faili ambayo haipokei faili moja inayozidi GB 4. Ndiyo maana muuzaji anakuambia filamu imekataa kuingia, kisha anakupa nakala ya MB 700. Dakika 200 ndani ya MB 700 ni chini ya nusu megabiti kwa sekunde. Matukio ya usiku msituni, ambayo ni mengi, yanageuka vigae vyeusi vinavyotembea. Omba faili ya GB 3 hadi 3.8, inaingia kwenye FAT32 na inabaki safi. Kama televisheni ni ya zamani, hakikisha picha haikubanwa kwa namna mpya iitwayo H.265, la sivyo utasikia sauti bila picha, omba ile ya zamani, H.264.

Sauti ikitoka muziki mkubwa na maneno madogo, si kosa la filamu. Nakala imetengenezwa kwa spika sita na televisheni ina mbili, na maneno hukaa kwenye spika ya katikati ambayo huna. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua stereo au PCM. Na manukuu yakianza sawa halafu yakaachana na midomo kidogo kidogo, faili hizo mbili zina kasi tofauti, moja picha 23.976 kwa sekunde na nyingine 25. Kwa filamu ya dakika 200 tofauti hufika dakika nane mwishoni, na kusogeza manukuu hakutasaidia. Tafuta manukuu mengine. Yakiwa yamechelewa au yametangulia kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, kwenye VLC, programu ya kutazamia filamu, ya kompyuta bonyeza G au H mpaka yakae. Faili ya manukuu iwe na jina lilelile la filamu, ndani ya folda moja, na mashine itayaona yenyewe.

Usibonyeze zoom ili kuondoa michirizi myeusi ya juu na chini. Ukiiondoa, unakata pande za picha, na mara nyingi manukuu yanakwenda nayo.

Sasa Joker. Ya kwanza ilitoka 2019, mwongozaji Todd Phillips, dakika 122. Ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, na Joaquin Phoenix akapata Oscar mwaka uliofuata. Arthur Fleck, ndiye Joker mwenyewe, ni mchekeshaji wa kujipaka rangi usoni, mgonjwa wa akili ambaye jiji limemfungia huduma na dawa kwa kukosa fedha. Anapigwa, anachekwa, mwisho anaua, na vijana wa mjini wanavaa uso wake.

Wanaoipinga filamu hii husema inamtukuza muuaji. Waangalie tena tukio la nyumbani kwake, wanapokuja wafanyakazi wenzake wawili, Randall na Gary. Arthur anamuua Randall mbele ya Gary, kwa namna inayotisha. Kisha anamwambia Gary aende, hatamgusa, kwa sababu ndiye pekee aliyemtendea wema. Gary ni mtu mfupi sana. Anakimbilia mlango, na mnyororo wa mlango uko juu, hafikii. Inabidi amwite Arthur, mwenye damu usoni, aje kumfungulia. Vibandani watu hucheka hapo, wote, halafu kicheko kinakatika katikati. Kimekatika kwa sababu kila mtu ametambua amecheka nini: woga wa mtu asiyefikia mnyororo. Phillips hajahubiri. Ameuweka mnyororo mahali pake, na mtu wa pembeni amekuwa katikati ya picha.

Joker: Folie à Deux, ya Oktoba 2024, dakika 138, watu wengi waliichukia. Ni filamu ya mahakama yenye nyimbo, Lady Gaga akicheza Lee, mwanamke anayempenda Joker na si Arthur. Nyimbo nyingi hazisogezi kitu. Ungezitoa nusu na filamu ingepumua. Mwendo ni mzito, na anayetafuta ghasia za ya kwanza atalala usingizi.

Lakini Gary anarudi. Anaitwa kutoa ushahidi, na Arthur, aliyejipaka rangi na kujifanya wakili wa nafsi yake, anamhoji kwa sauti ya kuigiza mbele ya mashabiki wake. Gary, anayechezwa na Leigh Gill, anatetemeka kwenye kiti. Anasema jinsi hofu ya siku ile ilivyomharibia maisha, na kwamba Arthur ndiye pekee ambaye hakuwahi kumcheka. Kuanzia hapo Joker hana nguvu tena, na baadaye kidogo Arthur anakiri mbele ya wote kwamba Joker hayupo, ni yeye tu. Lee anaondoka. Mashabiki wa ndani ya filamu wanaondoka, na wa nje vilevile.

Weka hizi mbili pamoja: ndani ya miezi mitatu ya mwisho ya 2024 dunia ilipata sehemu za pili mbili za bandi anayependwa. Pushpa 2 iliwapa mashabiki kila walichoomba na ikajaza majumba ya sinema. Joker ya pili iliwaletea Gary kwenye kiti cha ushahidi na ikasusiwa. Kama filamu ya jioni, Pushpa 2 inashinda bila ubishi. Kama filamu inayojua ilichokifanya, ushahidi ule wa dakika chache unaizidi Pushpa 2 nzima. Anayeipuuza kwa sababu ya nyimbo aitazame angalau mpaka hapo.

Kwa anayetaka Kiswahili kitoke midomoni mwa waigizaji wenyewe, ipo Nairobi Half Life ya 2012, mwongozaji David Gitonga, dakika 96. Mwas, kijana wa kijijini anayetaka kuwa mwigizaji, anaibiwa kila kitu siku ya kwanza Nairobi, na anaishia kwenye genge la wezi wa vipuri vya magari linaloongozwa na Oti. Mchana jukwaa, usiku vioo na taa za watu. Sheng yake, Kiswahili cha mitaani cha Nairobi, ni nzito kwa sikio la Lubumbashi. Washa manukuu hata kama unajua Kiswahili. Joseph Wairimu, anayecheza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo, na ukimtazama utajua kwa nini: uso wake unabadilika akiwa anaiba, anafurahi kwanza, aibu inafika nyuma. Polisi humu ni sehemu ya biashara ya wizi, na wanapoamua kufunga hesabu, wanaolipa ni vijana tuliokula na kucheka nao kwa saa nzima. Kamera haikimbii.

Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, ya 2010, dakika 98, ni ya Kinshasa, kwa Lingala na Kifaransa. Ilipata tuzo sita za African Movie Academy mwaka 2011, pamoja na ya filamu bora. Riva anarudi na mafuta aliyomwibia bosi wa Angola wakati jiji zima halina petroli. Kila tunayejua foleni ya mafuta na bei inayobadilika kati ya asubuhi na jioni tunaelewa kwa nini mapipa hayo ni dhahabu. Riva anachangamka, anatumia pesa usiku mmoja, na kifo chake kinaonekana tangu bia ya pili. Ila mtu wa kumtazama ni kamanda mwanamke ambaye César, yule bosi, anamlazimisha amsaidie kwa kumshika dada yake. Yeye hana raha yoyote ya wizi huu, amebaki na gharama tu, na filamu inampa nafasi ya kutosha kutuharibia sherehe. Ina ngono na ukatili wazi. Si ya kuweka sebuleni watoto wakiwa macho. Joker zote mbili nazo zisubiri mpaka mtoto amekua. Pushpa unaweza kutazama na vijana wa sekondari, mradi tukio la rupia 5,000 msilipite kimya.

Iliyobaki ni Augure ya 2023, ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye jina lake mwenyewe kwa watu wa huku lina maana ya walozi. Ilipewa tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard, tamasha la filamu la Cannes. Dakika 90, hakuna magendo, hakuna bosi. Koffi, anayechezwa na Marc Zinga, anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba mwenye mimba ya mapacha ili amalize mambo ya mahari. Puani anatoka damu, inamwangukia mtoto mchanga wa dada yake, na mara ukoo mzima umemwona mlozi. Bandi wa filamu, kwa macho yetu ya kawaida, ni mama yake, Mama Mujila, aliyemkataa tangu alipozaliwa na alama usoni. Tunamchukia kwa zaidi ya saa moja, na filamu inatuacha tumchukie.

Filamu imegawanywa kwa majina ya watu wanne: Koffi, kijana Paco anayeongoza genge la watoto wa mtaani waliovaa magauni ya waridi kwa ajili ya dada yake aliyekufa, Tshala dada wa Koffi, na wa mwisho ni Mama Mujila mwenyewe. Sehemu hiyo ya nne usiitazame huku unatafuta simu. Yves-Marina Gnahoua, anayemcheza, hazungumzi kwa nguvu, hajitetei. Anakaa, na kamera, ambayo mpaka hapo ilikuwa ikimpita mlangoni kama kizuizi, inakaa naye.